Pumzi ya Mashavuni

Katikati ya ngazi za daraja la reli Ghasita aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Kamba zilikuwa zimefungwa barabara tangu nyumbani. Aliinama ili mkewe asione jinsi kifua chake kilivyokuwa kikienda mbio.

"Na yule mama wa ghorofani," Harpyari alikuwa akisema nyuma yake, "jana kamwaga maji ya dengu mlangoni kwetu, halafu ananiuliza mimi kwa nini pana utelezi. Nikamwambia, dada, utelezi ni wako, kwangu umekuja kutembea tu. Umesikia, Baba Rajni?"

"Nimesikia."

"Basi cheka."

Ghasita hakuwa na pumzi ya kuchekea. Alishika chuma cha pembeni, kilicholowa mvua ya alfajiri, akajivuta ngazi moja, kisha nyingine. Pandit, kuhani wa hekalu la mtaa, alikuwa amemwagiza kwamba kila hatua alitaje jina la Shiva, ili siku ya mlima ulimi uwe umezoea. Chini ya daraja alilitaja lote. Katikati alilitaja nusu. Alipofika juu alibaki kulifikiria tu.

Mji wetu wa Meerut ni tambarare kama chapati. Mtu anayetaka kuuzoea mlima hana pa kupanda ila daraja la kuvukia reli, na mwezi huo wa mvua kila kulipokucha lilijaa watu wa mitaa yetu waliokuwa wakijiandaa kwenda kuhiji Amarnath, pango la Shiva huko milimani, wengine na mifuko ya mchanga mgongoni. Ghasita alikuwa mmoja wao. Sisi tulidhani ni ari ya dini, naye alituacha tudhani hivyo. Kumbe mwenzetu alikuwa anaogopa hata kumeza chakula.

Jina lake lenyewe ni la woga. Mama yake alizika watoto kadhaa kabla yake, kwa hiyo yeye alipozaliwa walimlaza kwenye ungo wakamburuta uani, kifo kimwone ni takataka kimpite. Ghasita maana yake ni aliyeburutwa. Kifo kilimpita kweli, ila woga ulikaa naye mpaka nywele zikaota mvi.

Mwaka juzi Dwarka, mkaanga vitamu vya jalebi wa njia panda, alikwenda huko huko. Alifika Mahagunas, pale juu ambapo hewa ni haba, akakaa kwenye jiwe apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Mtaa mzima ulisema ana bahati, kafia mlangoni pa Baba Shiva, atake nini zaidi. Ghasita naye alisema ana bahati, kisha akaenda nyumbani akatapika.

Lakini ahadi ni deni, na hii aliitoa mwenyewe bila kushikiwa fimbo. Rajni, binti yao wa pekee, alikuwa chumba cha kujifungulia, na wauguzi walikuwa wakitoka humo bila kumtazama mtu usoni. Ghasita alipiga magoti ukumbini mbele za watu, akamwita Shiva kwa jina lake la mapenzi. "Bholenath, niachie wote wawili," alisema, "nitakuja pangoni kwako kwa miguu yangu. Si kwa farasi, si kwa machela, si kwa helikopta." Aliachiwa wote wawili. Mjukuu sasa anavunja vikombe. Mwaka wa kwanza Ghasita alisingizia goti, wa pili akasingizia mvua, na huu wa tatu Rajni alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshatangulia mbele. Harpyari hakumlaumu mumewe. Alisema tu, akipepeta mchele, kwamba mtu haendi kuomba tena mahali ambapo hajalipa la kwanza.

Basi akawa katikati ya hofu mbili. Akienda, angeweza kubaki juu ya jiwe kama Dwarka. Asipoenda, na Rajni likampata la kumpata, angeishije na mdomo wake mwenyewe uliosema yale maneno?

Na kulikuwa na siri. Ghasita ni mpiga tarumbeta la besi katika bendi ya harusi ya Ustadh Nandram, koti jekundu, kamba za dhahabu begani. Tangu harusi za majira ya baridi kifua chake kilikuwa kimeanza kumgomea. Alikuwa anafika mwisho wa wimbo mmoja tu na kuona nyota za mchana. Hakumwambia mtu. Sasa ni ile miezi ambayo miungu imelala na mwenye akili haozeshi mtoto, matarumbeta yamo magunini, kwa hiyo hakuna aliyemsikia. Alishukuru miungu kwa kulala.

Asubuhi hiyo, baada ya daraja, walikwenda kupimwa. Hakuna anayepanda kwa Baba bila cheti cha daktari. Harpyari alibaki nje kwenye benchi, akafanya urafiki na benchi zima. Ghasita aliingia akiwa na tumaini moja ambalo asingelitamka hata kwa Pandit: kwamba daktari atamkataza. Akikatazwa na daktari, si kosa lake tena. Hata Bholenath angeelewa serikali ni serikali.

Daktari Ahlawat alikuwa mwanamke kijana, macho yamechoka, foleni imemfika shingoni. Alimpima presha, akamsikiliza mgongo kwa haraka, kisha akampa kijibomba cha plastiki chenye mshale mdogo pembeni. "Vuta pumzi mpaka mwisho, baba, halafu puliza mara moja kwa nguvu zako zote."

Kila mpigaji wa zamani anaijua pumzi ya mashavuni. Msafara wa bwana harusi haujali kama umechoka. Wajomba wanacheza barabarani, wanataka wimbo uleule urudiwe mbele ya kila duka. Basi mapafu yakigoma unajaza mashavu upepo, unafunga koo, unausukuma nje kwa ulimi. Sauti inatoka fupi lakini kali, na asiyejua anadhani una kifua cha ng'ombe. Ghasita aliweka kijibomba mdomoni. Baadaye aliapa kwamba hakukusudia. Maisha yake yote kitu kikigusa midomo ile ni cha kupigwa mbele ya watu, na midomo ilifanya kazi yake bila kumngoja. Mashavu yakajaa. Ulimi ukafyatua.

Mshale uliruka hadi karibu na ukingo.

Daktari alikitazama kijibomba, akamtazama mzee. "Unafanya kazi gani?"

"Napiga tarumbeta."

"Ndiyo maana. Una mapafu ya kijana, baba. Nenda salama, unywe maji mengi, usishindane na mtu." Akagonga muhuri.

Ghasita alitoka na cheti mkononi. Tumaini lake la pekee amelipuliza mwenyewe. Harpyari aliinuka, akawaambia wenzake wa benchi kwamba mumewe kapita, na benchi zima likamsifu Shiva, Har Har Mahadev. Naye ikabidi aseme.

Siku zilizofuata Ghasita alifanya yote aliyoagizwa. Aliacha vitunguu maji, aliacha vitunguu saumu, akalala chini kwenye mkeka. Alikaa kila asubuhi akiziba tundu moja la pua na kuvutia jingine, kama Pandit alivyomfundisha, huku jasho jembamba likimshuka. Kila akifumba macho ajaze moyo wake Mungu, moyo unajaa lile jiwe la Dwarka. Alijaribu kuliondoa. Jiwe halikuondoka, na mara nyingine alikuwa amekaa juu yake yeye.

Ikabaki kazi ya mwisho ya kujiandaa, ambayo kwetu haikwepeki: kupita kwa kila mtu kuomba msamaha, maana aendaye kwa Baba huenda asirudi. Ghasita alifunga mikono kifuani mlango hata mlango. "Nisamehe niliyoyasema, nisamehe uliyoyasikia."

"Wewe nimekusamehe," alisema mama wa ghorofani. "Mkeo bado namfikiria."

Ustadh Nandram alimkumbatia, akamwomba amletee sadaka ya pangoni, asisahau na ya mama mkwe wake. Kila aliyeombwa alisamehe upesi na kwa kicheko, na Ghasita alipokuwa akitoka kwenye kila mlango aliona hajasamehewa kitu.

Mwisho alifika kwa Shaukat, anayesimama kushoto kwake kwenye bendi. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anasugua tarumbeta kwa ukwaju.

"Kaka Shaukat, nisamehe niliyoyasema, nisamehe—"

"Lipi hasa?" Shaukat hakuinua kichwa. "Kukoroma kwako kwenye lori, au lile la tangu majira ya baridi?"

Ghasita alitazama mlango wa ua. "Lipi hilo?"

"Ndugu yangu, mimi nasimama kushoto kwako, sisimami Delhi. Nasikia. Wewe unavimbisha mashavu, mimi napuliza yangu na yako. Yule bwana harusi wa Sardhana, wallahi nilimfikisha kwa mkewe peke yangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini sasa? Mtu kaficha jambo lake shavuni, mimi nimtie kidole mdomoni?" Shaukat aliendelea kusugua, kisha akaacha. Alimtazama rafiki yake kwa mara ya kwanza tangu aingie, na utani ulikuwa umemwisha usoni. "Nimekusamehe, hilo dogo. Lakini huko unakokwenda, Ghasita, mimi sitakuwa kushoto kwako."

Ghasita alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Watu anaowajua walimsalimu barabarani, hakuwaitikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtoto anayajua maneno hayo, lakini mtu mzima huyasikia siku anayoitwa jina lake.

Kesho yake asubuhi, walipofika njia panda, hakukata kulia kwenda darajani. Alikata kushoto.

"Huko ni hospitali," alisema Harpyari.

"Sijamwomba msamaha daktari."

"Daktari? Umemkosea nini mtoto wa watu? Umekutana naye mara moja."

"Twende tu, Mama Rajni."

Mpaka leo hajui kama ni dhamiri iliyompeleka au ni woga. Daktari Ahlawat alikuwa anafungua dirisha la chumba. Ghasita alifunga mikono kifuani, akasema aliyokwenda kusema, macho sakafuni: kwamba hakupuliza kwa kifua, alipuliza kwa mashavu, na kwamba cheti kile ni cha mashavu. Nyuma yake Harpyari alikuwa kimya, na kimya cha Harpyari kilimwogopesha kuliko mlima.

Daktari hakukasirika. Aliosha mikono, akachukua kijibomba, akamwambia avute pumzi. Kisha akamshika mashavu yote mawili kwa vidole, kama tunavyowashika watoto wasiotaka dawa. "Puliza."

Ghasita alipuliza. Alipuliza kwa kifua chenyewe, bila hila, mara ya kwanza kwa muda mrefu, na machozi yalimtoka kwa nguvu alizotumia. Mshale ulisogea kidogo ukasimama. Walirudia. Ukasimama palepale.

"Baba," daktari alisema polepole, "na hiki kifua ungefika Mahagunas..." Hakumalizia. Alichukua cheti mkononi mwa Ghasita, akakichana na muhuri wake vipande viwili. "Dawa ipo, tutaanza wiki hii. Tarumbeta basi. Mlima basi."

Ghasita alisubiri nafuu ije. Si hili ndilo alilolitamani? Badala yake alimwona Rajni na tumbo lake, na ukumbi ule wa hospitali, na wauguzi wasiomtazama mtu usoni.

"Ulitaka kuniacha mjane kwa sababu ya mashavu," Harpyari alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikapanda. "Nimeamka na wewe kila siku gizani. Nimekupikia bila vitunguu, chakula hakina ladha, nimekula. Na wewe hujaniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kila kitu, Mama Rajni."

Harpyari alijifuta uso kwa upindo wa sari. Kisha akasogea mbele ya daktari, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekaa mumewe. "Nipime mimi."

"Haiwezekani," alisema Ghasita. "Nadhiri ni yangu. Nilisema kwa miguu yangu."

"Siku ya harusi yetu, tulipozunguka moto, Pandit alisema mimi ni nusu ya mwili wako. Ulikuwepo, ulikuwa umevaa kilemba. Sasa nusu yenye pumzi itakwenda." Akamgeukia daktari. "Binti, nishike mashavu kabisa, asije akasema na mimi nimeiba."

Daktari alimshika mashavu. Harpyari alipuliza, na mshale ulikwenda ukaenda. Hapo ndipo Ghasita alipotambua kitu alichokuwa nacho masikioni kila asubuhi bila kukisikia. Mkewe alikuwa akipanda daraja lile tangu chini mpaka juu akisema, akisimulia, akigombana na watu wasiokuwepo, na hakuwahi hata mara moja kukata neno ili apumue.

Kamati ya mtaa, inayopanga safari, ilibadilisha jina kwenye orodha bila maneno mengi. Pandit alikuna kichwa, akasema mke ni nusu, imeandikwa. Ustadh Nandram alisema msimu ukifunguka Ghasita atapiga matoazi, maana matoazi hayataki pumzi. Ungedhani sasa mwenzetu angelala usingizi. Lakini woga wa mtu juu ya nafsi yake una mwisho, kwa sababu yeye ni mmoja tu na atakufa mara moja. Woga alioupata sasa haukuwa na ukingo. Kila asubuhi alikaa ngazi ya chini ya daraja, na Harpyari akapanda na mfuko wa mchanga, akashuka, akapanda tena. Ghasita aliisikiliza sauti yake. Treni ilipopita na sauti ikamezwa, alisimama wima mpaka behewa la mwisho lipite na amsikie tena akimwambia mtu huko juu kwamba viatu vyake ni vya kike.

Alimfundisha yote aliyofundishwa yeye. Kunywa maji hata kama huna kiu. Kichwa kikiuma, sema, usione haya, usijali wanaosema mlima unambana mwenye dhambi. Ukiona jiwe zuri la kukalia, usikae.

"Jiwe gani?" aliuliza Harpyari.

"Jiwe lolote."

Siku ya safari basi la kamati lilisimama mbele ya duka la jalebi, bendera za rangi ya zafarani zikiwa zimelowa. Rajni alikuja polepole, mkono kiunoni, akainama kugusa miguu ya mama yake, na mama akamzuia katikati, asilibane tumbo. Watu walipiga kelele Bam Bam Bhole. Shaukat na wenzake walitoa matarumbeta magunini, msimu au si msimu, wakapiga. Mama wa ghorofani aliwasili na chupa ya achari, akasema amekwisha kufikiri, amesamehe.

Harpyari alipomaliza kuomba msamaha kwa wote, alibaki na mumewe. Alikuwa amevaa viatu vya kiume chini ya sari na soksi mbili mbili.

"Nisamehe niliyoyasema," alisema.

"Yote?"

"Yaliyo mengi." Hakutabasamu. Ghasita aliona mkono wake ukishika mkanda wa mfuko mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, akajua kwamba naye anaogopa, na kwamba hajasema, na kwamba ameyajifunza hayo ndani ya nyumba yake. "Nikifika kwa Baba, nimwambieje kuhusu wewe? Ataniuliza mwenye nadhiri yuko wapi."

"Mwambie niliogopa."

"Hilo analijua. Amekujua tangu kwenye ungo. Nipe jingine."

Ghasita alitafuta. Dereva alipiga honi. Watu walimsukuma Harpyari mlangoni, mtu akampokea mfuko, akapotea ndani, akatokea tena dirisha la nyuma. Basi likaondoka na neno bado halijapatikana.

Neno lilipatikana basi likiwa limeshafika kwa fundi baiskeli. Mbele yake msururu wa mahujaji vijana waliobeba maji ya mto Ganga mabegani ulikuwa unakata barabara, na dereva akapunguza mwendo. Ghasita alikimbia. Daktari angemgombeza, alikimbia tu, kandambili zikipiga matope, matarumbeta yakilia nyuma yake. Aliufikia ubavu wa basi, akauegemea kwa kiganja, akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Alishika magoti, akavuta, akavuta tena, na hewa ikaja kidogo kidogo kwa njia yake nyembamba, ya kifua, si ya mashavu. Basi lilinguruma bila kuondoka. Juu yake Harpyari alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, mvua inamlowesha nywele, kiganja nyuma ya sikio, akiwaambia walio ndani wanyamaze.